Miguu Yangu Mgongoni Mwako

Papa wangu,

Uzito wangu wa miaka tisa uliujua kuliko mizani yoyote. Kila jioni ukirudi kutoka sokoni Nakivubo, ulikobeba magunia ya maharage, ulilala kifudifudi kwenye mkeka wetu kule Kawempe, ukaniita nikukanyage mgongo. Nilishika ukuta, nikapanda, nikateremka polepole kutoka mabegani hadi kiunoni, nikihesabu mifupa kwa vidole vya miguu. Kila siku nilipata hesabu mpya. "Unakanyaga sawa kuku," ulinitania kwa wepesi wangu.

Sasa hesabu ninayo. Pingili saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, kisha ule mfupa mpana wa nyonga na kifandugu chake. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachopokea kishindo. Mtu akiinua gunia huku amejipinda, visahani vya chini ndivyo vinavyoumia. Chako kilichoka miaka mingi, kikapasuka, kikabana mishipa ya fahamu inayoning'inia humo ndani, ile iendayo miguuni, makalioni na kwenye kibofu. Haya nayafundisha siku hizi, na simung'unyi maneno.

Unakumbuka jioni ya mwisho? Nilikuwa nimesimama juu ya makalio yako kwa miguu yote miwili. Ukasema, "Kanyaga basi."

"Nimeshakanyaga, Papa."

Ukacheka. "Basi umekonda. Kesho kula bugali mingi."

Nikaruka mara moja, kwa nguvu, ili unisikie. Asubuhi miguu yako ilikataa kusimama.

Mama aliniambia baadaye sana kwamba mkojo ulikuwa umekugomea tangu siku iliyotangulia, nawe ukanyamaza. Mwanamume wa kwetu hasemi mambo hayo mbele ya binti yake. Uliishi na kiti cha magurudumu hadi ulipotuacha, na mimi ndiye niliyekisukuma, nikiamini kwamba ule mruko ndio uliokuvunja. Sikuwahi kukuuliza. Niliogopa jibu, Papa, nikaenda kulitafuta shule ya udaktari.

Jumatatu alikuja kwangu hospitalini mchukuzi wa mizigo, ameegemea bega la binti yake mdogo. Mguu umelala tu, alisema, utaamka. Nikamtuma mtoto nje, nikamuuliza baba yake bila kupepesa macho: "Mkojo unatoka?"

Akatazama sakafu. "Tangu jana hapana, musawo," akasema, akiniita daktari kwa Kiganda.

Nikamgusa makalioni kwa pamba, hasikii kitu. Daktari gani wa upasuaji angekuja, chumba kipi kilikuwa wazi, yote niliyatafuta mwenyewe kwa simu, na kabla jua halijazama alikuwa mezani anapasuliwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi huyo mtu sikumpa nafasi ya kuficha. Jana alipiga hatua nane akishika kitanda. Nilizihesabu kwa sauti hadi wauguzi wakanicheka.

Yule mtoto alinifuata kwenye korido. "Musawo, ni mimi nilivunja baba? Alisema nikanyage mgongo. Nilikanyaga, akasema hapana, bado."

Nikachuchumaa mbele yake. Nilimwambia asikanyage tena mgongo wa mtu, ile si tiba na inaweza kuumiza. Kisha nikamwambia kwamba kisahani cha mgongo wa baba yake kilipasuliwa na magunia, siku nyingi. "Kama hakusikia miguu yako, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kabla hujapanda. Si wewe."

Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Alipokwisha kwenda niliketi kwenye benchi nikalia, maana nimewafundisha wengi uti wa mgongo, na jambo hilo moja sikuwahi kujiambia mimi mwenyewe.

Papa, ulisema "kanyaga basi" wakati nimeshakanyaga. Ulikuwa hunisikii hata kabla sijaruka.

Lala salama. Leo nimeshuka mgongoni mwako.

Ni mimi, kuku wako