Asante ya Chumba Namba Tatu

Kibondo,
Jumapili, 22 Novemba 2015

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Naomba barua hii ikukute umekaa penye jua, lile goti limeacha kukusumbua, na mvua zimekuja kwa kiasi huko Heru Juu. Shemeji Makarius na mkewe hawajambo? Na mwanangu Valeria, ameacha kula udongo? Mwambie mama yake anamkumbuka kila anapoona mtoto mgongoni mwa mtu. Mimi mwili wangu ni mzima. Nimeandika mwili kwa makusudi, maana moyoni siko salama. Ukiona herufi zimelala, usidhani ni haraka.

Barua hii ataileta Tharsisi, dereva wa shirika, yule aliyekuletea hela siku chache zilizopita. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya shemeji Makarius ikiongea husikika mpaka kwa jirani wa tatu, na haya sitaki yasikike. Nakuomba, Mama, chukua miwani yako uisome mwenyewe, polepole, mlango ukiwa umefungwa. Usimpe mtu akusomee.

Unamkumbuka Kudra? Ndiye mama wa Kibondo ninayefanya naye kazi hapa gesti, aliyenipokea mwaka jana baada ya msiba wa Longinus, akanilaza chumbani kwake miezi miwili bila kuniuliza kodi. Kudra yuko mahabusu tangu Alhamisi. Wanasema ameiba hela ya mgeni. Kesho Jumatatu wanampeleka mahakamani. Hakuiba, Mama. Mimi najua kwamba hakuiba, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana sijawahi kukueleza vizuri. Mwenye gesti ni Bi Mwamvua, mama wa Kiislamu ambaye baba yake alitoka pwani kuja kuuza vitambaa. Ana vyumba kumi na viwili. Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe tena hapa jirani, shirika moja la misaada, hilohilo la Tharsisi, limekodi vyumba sita kwa mwaka mzima, na wafanyakazi wake wanavitumia kwa zamu. Huyu analala wiki mbili, anaondoka, mwenzake anaingia kitanda kilekile. Ni kama watu walionunua ng'ombe mmoja wakagawana siku za kukamua. Sisi tunafagia, tunadeki, tunafua mashuka na kutandika, na kitanda kinabaki bila mwenyewe.

Wageni wetu wa siku zote, maofisa na wafanyabiashara, wakiondoka huacha soksi moja na mifupa ya kuku chini ya kitanda. Hatuwalaumu, hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mtandika kitanda naye hushukuriwa. Tena kwetu mtu akikushukuru anakupa mkononi, anakutazama usoni, na wewe unapokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipokuta noti ya elfu kumi imelala juu ya mto, katikati kabisa, chumba kitupu na mgeni wa shirika keshaondoka, nilirudi nyuma mpaka mlangoni. Nilidhani ni dawa. Kudra akaja, akaisukuma kwa mpini wa ufagio kama mtu anayejaribu nyoka, kisha akacheka. Alisema, "Mtu hasahau hela katikati ya mto, Asnath. Hii imewekwa."

Tukaipeleka kwa Bi Mwamvua. Yeye alitia noti ile katika kopo la maziwa lililo juu ya rafu ya mapokezi, akasema kitu cha mgeni ni amana, hata kiwe pini ya nywele. Mgeni yule aliporudi zamu yake akaulizwa, na akashangaa sana. Akasema kwao ndivyo wanavyomshukuru mfanya usafi. Bi Mwamvua alitukabidhi noti yetu palepale, lakini akatuonya. Kuanzia siku hiyo kila kitu kitakachokutwa chumbani kitapita kwake kwanza, kikae koponi mpaka mwenyewe arudi aseme, kwa sababu yeye si mganga wa kujua nia ya mtu aliyekwisha kuondoka. Si mama mbaya, Mama. Jina la gesti yake ndilo alilorithi, na analilinda.

Tatizo ni kwamba wengi hawarudi. Zamu zikiisha wanapanda ndege kwenda kwao, na shukrani yetu inabaki koponi. Basi mimi na Kudra tukaanza kufanya uamuzi wenyewe. Tukikuta hela juu ya mto tunagawana, tunanyamaza. Tukikuta hela sakafuni au ndani ya droo, tunaipeleka. Kudra alisema juu ya mto ni mdomo wa mtu, umesema tayari. Nilikubali, kwa sababu nilitaka kukubali. Lakini kila mara nilipopita mapokezini siku hizo nilitembea kama niliyebeba yai kwapani.

Chumba namba tatu alikaa Daktari Elena, mzungu mtu mzima, mpole, mwenye kutandika kitanda chake mwenyewe nusu ili tusichoke. Alizoea kutusalimia kwa majina. Jumatano asubuhi zamu yake iliisha moja kwa moja, akaondoka kurudi kwao. Tulipoingia, juu ya mto palikuwa na hela nyingi kuliko tulivyowahi kuona, shilingi zake zote zilizobaki nadhani, na karatasi imekunjwa juu yake. Kudra hajui kusoma. Aliniuliza imeandikwa nini, nikamwambia ni asante tu. Tukagawana sawa kwa sawa. Karatasi nikaitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Fungu langu nilimpa Tharsisi asubuhi ileile akuletee. Ndiyo hela uliyonipigia simu kunishukuru, ukasema umemnunulia Valeria viatu na sweta.

Kesho yake, Alhamisi, mgeni mmoja wa chumba namba nne, bwana wa ukaguzi kutoka mkoa mwingine, akatoka akipiga kelele kwamba bahasha yake ya hela haipo. Bi Mwamvua akafunga geti. Tukapekuliwa sote. Kwangu hawakukuta kitu. Kwa Kudra wakakuta noti zimefungwa kwenye pindo la kanga.

Kudra hakuogopa hata kidogo. Alieleza kwamba ni zawadi ya daktari wa namba tatu, kwamba tuliipata pamoja, na kwamba kuna karatasi. Akanigeukia mbele ya wote, mbele ya askari aliyekuwa amekwisha kuitwa, akaniambia, "Asnath, toa ile karatasi uwasomee."

Mama, nilisema sijaona karatasi yoyote.

Nilijisikia nikisema, na sauti ilikuwa yangu. Nilifikiri Kudra atanirukia, nami ningeshukuru kama angefanya hivyo. Hakufanya. Alivaa ndala zake vizuri na kumfuata askari. Ofisi ya shirika wamesema watamwandikia daktari, ila hawajui jibu litakuja lini. Na bahasha ya yule bwana haijaonekana, maskini, huenda aliiacha huko alikotoka.  Jana Bi Mwamvua alishusha lile kopo, akalifuta vumbi, akalirudisha.

Kila siku nampelekea Kudra chakula kituoni. Wananiruhusu dakika chache. Siku ya kwanza nilikwenda na maneno yangu yote ya kuomba msamaha, yakakwama. Alikula, akanawa, akaniuliza, "Mashuka ya namba tatu umeyaanua? Mvua hii itayaozesha." Basi. Jana vilevile hakuniuliza kitu. Nadhani anajua kuwa naogopa, ila hajui naogopa nini, na ameamua kungoja. Mtu anayekungoja hivyo anakutisha kuliko mwenye fimbo.

Sasa nisikilize, Mama. Nimezunguka sana kufika hapa.

Karatasi ninayo. Iko mbele yangu ninapoandika. Daktari aliandika kwa Kiswahili chake cha kujifunza, na ameweka tarehe na kiasi cha hela: "Kwa Kudra na Uwimana. Asante kwa kazi yenu. Hela hii ni yenu. Elena." Ingemtoa Kudra siku ileile. Lakini askari angeuliza, huyu Uwimana ni nani, mbona hapa gesti hakuna mtu wa jina hilo?

Uwimana ni mimi. Ndilo jina alilonipa mama yangu. Daktari Elena alifanya kazi Burundi miaka mingi, na siku moja alinikuta ninadeki, akanisalimia "Amahoro." Nikaitika kabla sijafikiri. Akaniuliza jina, "Witwa nde?" Ilikuwa miaka sijaulizwa hivyo. Nikamwambia la kweli, Mama, na siku nzima nilifurahi kama mjinga. Kumbe yeye, ingawa mbele za watu aliniita Asnath, hakulisahau, akaona ananiheshimu kuliandika.

Mimi si wa kijiji cha Muyama. Sina ndugu Muyama, na ule ukoo niliokutajia siku ya posa nilifundishwa na Longinus njiani. Nililetwa Tanzania mgongoni kutoka Burundi, nikakulia kambi ya Mtabila, na mama yangu kazikwa hukohuko. Longinus alikuwa akija kununua maharage kambini, ndipo tulipojuana. Kambi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2012 wenzangu walipandishwa magari kurudishwa. Mimi nilipita kwenye mashamba kwa miguu mpaka alipokuwa akinisubiri. Ng'ambo ya mpaka sina mtu hata mmoja ninayemjua jina. Longinus alitaka kukuambia, kila mara akisema baada ya mavuno, mpaka akatangulia. Ulikisifu Kiha changu mbele ya majirani, ukasema ndivyo wanavyosema watu wa Muyama kule mpakani, nami nikainama kama niliyeona haya. Nilikuwa naogopa.

Nimekuwa nikiogopa kila siku ya ndoa yangu. Naogopa mtu akibisha hodi, naogopa fomu, naogopa askari anayeniomba tu nimwelekeze njia. Na leo naogopa zaidi, kwa sababu nimekwisha amua. Kesho asubuhi, Tharsisi akiondoka na barua hii kuja Kasulu, mimi nitakwenda kituoni na ile karatasi. Nitasema Uwimana ni mimi. Wataniandika maelezo, wataniuliza nilikozaliwa, na baada ya hapo sijui. Huenda nikapelekwa uhamiaji, huenda kambini, huenda wakanivusha mpaka. Nimefikiri kuichoma karatasi mara mbili, na mara mbili nilikwisha shika kiberiti. Kisha nikamkumbuka Kudra anavyovaa ndala zake.

Valeria ni mtoto wa Longinus, amezaliwa hapo nyumbani kwako. Kadi yake ya kliniki iko ndani ya sanduku la bati, chini ya suti ya baba yake. Viatu vile asivue, ni vya halali, vimetokana na jasho langu. Nikikawia kurudi mwambie nimekwenda kumtoa rafiki yangu, na akikua mwambie jina langu.

Kuna jambo moja limenijia leo nikiwa kanisani, sikusikia tena mahubiri. Mwaka 2013, ile Septemba ya operesheni ya kuwasaka wahamiaji, nikiwa na mimba ya Valeria, ulikuja jikoni ukaniambia niende nikakae kwenye kibanda cha shamba la bondeni, nilinde mihogo dhidi ya nyani, na nisije barabarani mpaka unifuate. Nilikaa wiki tatu. Uliniletea chakula mwenyewe, kwa goti lako lile, hukumtuma mtu. Nami nilikaa nikipiga debe la kufukuza nyani kutwa nzima kama mkwe mtiifu.

Mama, mihogo ya shamba lile tulikuwa tumekwisha ing'oa yote mwezi wa nane. Tuliing'oa mimi na wewe.

Sikuuliza wakati ule, nilishukuru tu kuwa mbali na barabara, na sasa siulizi. Kama nimekosea kufikiri hivi, nisamehe, ni woga unanitafutia pa kushika. Kama sijakosea, basi nitakwenda kituoni kesho nikijua nina mama.

Nisalimie shemeji Makarius na mkewe, nisalimie majirani wa upande wa kisimani, na umbusu Valeria mara mbili, moja yangu na moja ya baba yake. Goti ulikande kwa maji ya moto yenye chumvi, usilidharau. Mungu akutunze mpaka tutakapoonana, kokote itakapokuwa.

Mimi mwanao,

Uwimana