Panya wa Chumba cha Mifano

Jumatatu, 5 Machi 1956

Nimeanza kazi! Karani wa mifano, kinu cha mpunga, Ifakara. Mwanamke wa kwanza kuwekewa kiti ndani ya ofisi. Wengine wote wako uani na nyungo zao, wanapepeta.

Kazi yenyewe: kila mzigo wa mchele unaotoka mashineni natoa kopo moja la mfano. Namwaga mezani, natenga punje nzima na zilizovunjika, naandika daraja, kopo linarudi rafuni. Masista walinifundisha kusoma, kuandika na kukaa kimya. Vyote vitatu vinahitajika hapa.

Bwana Meneja ni Mzungu mrefu. Anajua Kiswahili, hajui watu. Kanikaribisha macho yakiwa kwenye kopo. Karani mkuu ni Bwana Hilari, Mpogoro wa Mahenge, viatu vinang'aa hata kwenye tope hili la masika. Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba, basi. Siku nzima hakuna neno la pili.

Kanuni zimebandikwa ukutani. Nimezisoma zote, nadhani ni mimi wa kwanza. Mwanamke aliyetimiza miezi sita kazini atapewa likizo ya kujifungua, nusu mshahara, na kiti chake kitamngoja. Asiyetimiza, anaweza kurudishwa kwao bila maneno. Nimecheka. Mwaka mzima wa ndoa, tumbo tuli kama maji ya mtungi. Yanihusu nini?

Jumatano, 21 Machi

Sicheki tena.

Nimemwambia Teofili usiku wa jana. Mume wangu ni mvuta kamba wa kivuko, mikono kama makasia, lakini alikaa chini ghafla kama aliyevutwa yeye. Furaha tupu. Halafu nikamweleza kanuni ya ukutani. Tukahesabu kwa vidole, vyake na vyangu. Miezi sita yangu inatimia Septemba mwanzoni. Mtoto, Mungu akipenda, Oktoba mwishoni. Kwa hiyo inawezekana — ila tu Bwana Meneja asijue mpaka Septemba!

Na kiti hiki nakitaka. Nikikikosa, ni Lupiro kwa mama mkwe, juu ya dungu la shambani, kuamia ndege wasile mpunga, kopo la mawe mkononi. Nimeamia ndege tangu nina miaka sita. Wale ndege wananijua kwa jina.

Teofili anasema nisiogope. Kwao mimba ya kwanza haitajwi na mwenye nayo. Anayeitaja ni mama wa mume, siku atakayoona yeye, kuku mkononi. Mpaka hapo hakuna anayeuliza na hakuna anayeona. Nami nimeona desturi hii ni nzuri sana. Zamani nilikuwa naiona ya kizamani.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Balaa jipya. Wengine mimba huwapeleka kwenye udongo, wengine kwenye majivu. Mimi imenipeleka kwenye mchele mbichi. Na ninafanya kazi wapi?

Leo ni siku ya kufunga na nimekula konzi moja. Ilibaki mfukoni tangu jana, yenyewe ilijileta. Nimejiuliza kama mchele mbichi ni chakula. Haujapikwa. Hauna chumvi. Padri sitamuuliza, maana anaweza kujibu.

Jumamosi, 19 Mei

Mama Serafina, mkubwa wa wapepetaji, amenitazama nikitafuna. Akatazama tumbo. Akatazama mbinguni, akasema mwaka huu mvua ni nyingi. Wenzake wote wakaitikia kwamba kweli, mvua ni nyingi. Jua lilikuwa kali, chawa wangekufa.

Tangu leo kila nikipita uani mmoja wao ananiachia kipande cha kivuli au kigoda. Hakuna aliyesema kitu. Ningewakumbatia wote pamoja na nyungo zao.

Bwana Meneja? Leo tumezungumza kwa muda mrefu, uso kwa kopo.

Alhamisi, 12 Julai

Mama mkwe amekuja! Mungu wangu!

Maji yamepungua, kivuko kinapita vizuri, naye kaona siku yake imefika. Mama Kandida mwenyewe, kutoka Lupiro, kitenge kipya, jogoo mwekundu kwapani. Hakuja nyumbani kwetu Kibaoni kwanza. Moja kwa moja kinuni. Nilimwona dirishani akivuka ua, nikakumbuka miezi sita haijatimia. Teofili alikuwa amemwambia kuhusu Septemba. Yeye amejibu kwamba mjukuu wake hapangiwi tarehe na karatasi.

Akaingia kwa Bwana Meneja. Kiswahili hakijui, na anasema hakifai kwa mambo mazito. Akaongea Kindamba. Akaitwa Bwana Hilari kufasiri. Nami mlangoni, nimeshika kopo.

Alianza mbali: babu wa Teofili, mafuriko ya zamani, mbegu iliyopandwa kwenye udongo mzuri. Halafu akafika. Akasema wazi kwamba huyu binti amebeba mzigo wa ukoo, na yeye bibi amekuja kumjulisha mkubwa wa mahali hapa, na kuku ndiye shahidi.

Bwana Hilari akatazama viatu vyake. Shingo ilimvimba, jasho likamtoka. Kisha akasema kwa Kiswahili: "Bwana, mama huyu anakusalimu sana. Anashukuru kwa kazi. Jogoo ni wako."

Bwana Meneja akafurahi kweli. Akampa mkono mama, akampokea jogoo, akampa na pakiti ya majani ya chai. Mama mkwe katoka kifua mbele, akaniambia mambo yameisha, mkubwa amesikia na amepokea, Mzungu yule ana adabu. Ninamwambiaje?

Bwana Hilari hajaniangalia mchana kutwa. Jioni tu, akifunga dawati, amesema njia ya huku ina mashimo, niwe napita ya kanisani.

Kwa hiyo kwa desturi ya Lupiro Bwana Meneja ameshajulishwa. Kwa desturi yake mwenyewe amepata kitoweo.

Jumanne, 14 Agosti

Upungufu wa makopo umegunduliwa. Bwana Meneja amepima mifano upya, imepungua. Si moja — karibu yote! Nilidhani natafuna kidogo kidogo. Kumbe kuchuma kidogo kidogo humaliza mti.

Amesema ni panya. Mchana ameleta paka kutoka nyumbani kwake na kumfungia chumbani mwangu. Paka mnene, hana haraka ya maisha. Kalala juu ya daftari la madaraja. Natafuna, ananitazama. Yeye peke yake katika kinu hiki ana sura ya kutaka kusema.

Nimejaribu kuacha. Tangu saa nne mpaka saa tano niliacha.

Ijumaa, 31 Agosti

Paka amefukuzwa kazi. Kosa: panya hakuna, mchele unapungua.

Sasa Bwana Meneja ana wazo lingine. Anasema panya huyu ana miguu miwili. Amesimama uani, akawaangalia wapepetaji mmoja mmoja, mara ya kwanza namwona akiangalia watu. Mama Serafina akaendelea kupepeta kama hayupo. Tumbo langu lilikuwa nyuma ya mlango, mimi nimelifuata.

Jumatano ijayo miezi sita inatimia. Jumatano tu! Nimemuuliza Teofili kama mtu anaweza kukaa nyuma ya mlango mpaka Jumatano. Anasema inategemea mlango.

Nina aibu. Wale wanawake wamenipa kivuli tangu Mei.

Jumatatu, 3 Septemba

Naandika hapa hapa kazini.

Asubuhi nimeingia, nikafungua kopo la kwanza, nikachota. Kiganja kimefika mdomoni. Bwana Hilari akanipiga mkononi! Yeye, ambaye hajawahi kunigusa hata kwa kunipa kalamu. Mchele ukamwagika sakafuni. "Usile, binti. Bwana amechanganya sumu ya panya tangu Jumamosi jioni. Kaniambia sasa hivi tu."

Nilikaa chini. Nilishika tumbo kwa mikono yote miwili, mbele yake, bila haya. Mtoto alikuwa anacheza. Nililia.

Bwana Hilari alivua koti, akakusanya makopo yote ya rafuni, akayabeba mara nne mpaka shimo la choo, akamwaga. Viatu vyake vikajaa vumbi la pumba. Aliporudi na kopo la mwisho, Bwana Meneja alikuwa amesimama mlangoni.

Makopo yako wapi? Nani amemwaga? Kwa nini? Bwana Hilari akaliweka kopo rafuni. Bwana Meneja akasema basi amefahamu, kuna mtu anamficha mwizi, ataita askari, wapepetaji wote wapekuliwe mpaka majumbani. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Jumatano, nikawaza. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyowaza.

Bwana Hilari akavaa koti lake. Akafunga vifungo vyote. Akasema: "Ninayekula mchele ni mimi, Bwana."

Mbichi?

"Mbichi. Nina hamu nao."

Bwana Meneja amemtazama huyu mtu mzima, mwenye wajukuu, anayesoma somo kanisani kila Jumapili. Kisha akamwambia aingie ofisini kwake. Mlango umefungwa.

Nawasikia kupitia mbao. Anaulizwa tangu lini. Anasema tangu Machi. Kila siku? Anasema siku nyingine mara mbili. Anaulizwa kama anaelewa kwamba huo ni wizi, na kwamba karani mwizi haachwi kazini. Anasema anaelewa. Hata hapo hanitaji! Angekatwa ulimi kabla hajatamka tumbo la mke wa mtu mbele ya mwanamume mwingine.

Desturi inasema atakayetaja ni mama mkwe. Mama mkwe ameshataja, kwa haki na kwa jogoo, na watu wote wa kinu wameshika adabu yao. Aliyebaki ni mimi na mdomo wangu.

Nimegonga.

Bwana Meneja amejibu kutoka ndani kwamba nisubiri. Basi nasubiri hapa kwenye benchi. Nimefungua kitenge nilichojifunika nacho tangu Juni, nimekikunja, nimekiweka pembeni. Tumbo liko mbele yangu, mtu yeyote alione. Uani mashine bado inanguruma lakini nyungo zimesimama. Mama Serafina na wenzake wamegeuka wote kunitazama, hakuna anayezungumzia mvua.

Kiti kimesogezwa ndani. Hatua zinakuja mlangoni. Naweka kalamu nimwambie mwenyewe: mchele nimekula mimi.