Maporomoko Yenye Koki

Kwa kitindamimba wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe, mume wako mpole na hao wajukuu zangu wasiojua kufunga mlango. Afya zenu zikoje? Mimi ni mzima. Goti la kushoto bado linanung'unika, lakini linanung'unika huku linatembea, kwa hiyo tusilisikilize sana.

Barua yako nimeipata. Unasema mwisho wa mwezi unakuja na gari la mizigo kunihamishia kwako mjini, eti jirani amekupigia simu kwamba nashinda ndani mapazia yamefungwa. Huyo jirani macho anayo, akili ndiyo ilichelewa njiani. Kaa chini nikueleze, na usinikatize kama kawaida yako.

Unajua huku kwetu kaskazini joto likija halikawii kuondoka. Mwaka huu shule zilipofungwa, dereva wa basi la shule alichoka kukaa bure, akatangaza kwamba kila Jumamosi atatutembeza sisi wazee, kwenda asubuhi na kurudi jioni, kila mtu na chakula chake. Sharti ni moja: anayekaa kiti cha mbele ndiye anayetueleza tunakokwenda. Kiti hicho nilikishika mimi kwa ajili ya goti, na mdomo wangu unaujua.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda ziwani. Mwalimu mstaafu, yule aliyekuchapa kwa kuchafua soksi, aliingia majini na soksi zake. Ya pili tulikwenda kwa mfuga nyuki, fundi cherehani akaumwa sikio likavimba mpaka kofia ikakataa kukaa. Nikamwambia afadhali, labda sasa atawasikia wateja wakiulizia nguo zao.

Ya tatu ikawa zamu ya maporomoko ya maji. Wiki nzima nilikuwa nimewatambia kwamba nayajua kama jiko langu. Kwenye njia panda dereva akataka kwenda kulia, nikamwamuru ashike kushoto na aache ubishi na mtu mzima. Tukatokea penye ukuta wa zege, maji yanamwagika toka juu, kimo cha mtu mmoja. Nikashuka nikasema ndiyo haya. Watu wakatandika mashuka, wakafungua vyakula. Fundi akazunguka zunguka, akauliza mbona maporomoko yana koki. Nikamjibu wameyawekea koki yasiishe msimu wa joto. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akasema ni jambo la busara.

Tulikuwa kwenye mayai ya kuchemsha mlinzi alipotoka kibandani kutuuliza nani ametupa ruhusa ya kula pikiniki kwenye bwawa la maji ya kunywa ya mji mzima. Mwanangu, walicheka toka pale hadi nyumbani! Fundi akanibatiza Bibi Koki. Nilisema wamebadilisha njia. Nani aliniamini?

Basi Jumamosi mbili zilizofuata nilifunga mlango na mapazia. Honi ikilia, najifanya nimelala. Hicho ndicho alichokiona jirani. Si upweke, ni aibu.

Jumamosi iliyopita honi haikunyamaza. Fundi akaja kugonga dirisha, akasema kiti cha mbele amekaa Mwalimu wiki mbili, anawasomea kitabuni mpaka basi zima linasinzia, na sasa hata dereva ameanza kupiga miayo. Akasema nitoke kabla hawajatumbukia mtoni. Nikatoka. Nani anataka kubeba roho za watu? Safari hii tukashika kulia.

Hapa kalamu imekuwa nzito. Ulipokuwa mdogo nilikusimulia kila usiku jinsi mimi na marehemu baba yako tulivyokwenda kwenye maporomoko yale, tukasimama nyuma ya maji, upinde wa mvua ukiwa miguuni petu. Ule ulikuwa uongo. Hatukuwahi kwenda hata siku moja. Waliokwenda ni wageni wa hoteli. Mimi nilikuwa chumba cha kufulia, nikiwasikia wakisimulia wanapoleta nguo zao. Miaka ishirini na sita nimefua matope ya maporomoko yale, na maporomoko yenyewe sikuyaona. Baba yako alikuwa na zamu zake, mimi nilikuwa na nyinyi watano. Niliona haya kukwambia kwamba mama yako anaishi mwendo wa saa moja tu kutoka kwenye kitu ambacho watu wanavuka mipaka kuja kukitazama.

Sasa nimeyaona. Kweli mtu anaweza kusimama nyuma ya maji. Upinde upo, ila ni mdogo kuliko ule niliokupa wewe. Kumbe nilitia chumvi bila kujua. Nilikaa pale hadi gauni likalowa lote, Mwalimu amenishikia mkoba, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo siji mjini. Nyumba yako ni nzuri, na mkwe wangu sina neno naye, lakini siwezi kuhama mahali ambapo ndiyo kwanza nimeanza kupaona. Hilo gari la mizigo lirudishe lilikotoka. Njoo wewe mwenyewe, ufike Ijumaa, na viatu visivyoteleza. Nataka usimame nyuma ya maji yale uniambie kama nilikudanganya sana.

Wabusu watoto, mwambie mume wako ale ashibe, amekonda kwenye picha. Mungu awafunike.

Ni mimi, mama yako mzazi.