Benchi la Nyuma Kanisani

Endabash, Jumapili

Bado nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Leo kabla ya ibada, wazee wa kanisa tulikaa kuzungumza habari ya Tluway, aliyerudi majuzi kutoka vita vya Uganda. Alikuja mwenyewe kutuambia kwamba alimpiga risasi askari aliyekwisha kusalimu amri, mikono juu. Muda mfupi kabla ya hapo, rafiki yake alikuwa amekata roho mapajani pake.

Mchungaji akasema, "Mwanangu, vita ni vita. Hatukutengi."

Tuliitikia wote, mimi wa kwanza. Ningemhukumuje? Siku zile nilikuwa hapa napalilia maharage. Damu ya rafiki ingenilowesha suruali, ningefanya nini? Sijui. Kweli sijui.

Nilidhani atashukuru. Badala yake akauliza, "Wazee wangu, Paskalina mlimtenga kwa kupata mimba kabla ya ndoa. Mpaka leo anakaa benchi la nyuma na hashiriki Meza ya Bwana. Mimi niliyeua mtu aliyenyoosha mikono, nikae wapi?"

Mzee Boay akaanza maneno ya mashujaa wa taifa, nikatamani anyamaze.

Huruma tulimpa. Lakini yeye alikuja kutafuta watu watakaomwambia kwamba yule askari naye alikuwa mtu... basi.

Tulipoitwa kushiriki, niligeuka. Tluway hakuja mbele. Alikwenda benchi la nyuma, na Paskalina akampakata mtoto wake, akasogea kumpisha, bila kumuuliza amefanya nini.