Koti Lililobaki Tanga

Tanga, 4 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Mvua imefika Mbulu? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanimaliza.

Nimepata kazi ya majaribio kwenye kituo cha kutotolea chaza, wale wa baharini wenye gamba gumu kama jiwe. Vifaranga wao hufa sana kwa bakteria. Zamani walimwagiwa antibiotiki, lakini bakteria wameizoea, hawashtuki tena. Sasa tunajaribu faji, virusi vidogo mno vinavyoua bakteria na kumwacha chaza salama. Meneja wetu, Mama Doris, amenikabidhi tangi moja la kutia faji peke yake, bila dawa nyingine. Vifaranga wakipona, naajiriwa. Wakifa, narudi nyumbani. Niombee.

Mwanao,
Imakulata

Mbulu, 19 Machi 2024

Mwanangu Imakulata,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu sana. Ng'ombe ni wazima isipokuwa yule mwekundu, kiwele kimevimba.

Barua yako nimeirudia na bado haijaniingia. Virusi ni dawa tangu lini? Si hivyo hivyo vilivyofunga shule mwaka ule wa korona? Fisi hapewi kazi ya kuchunga ndama. Halafu najiuliza: wenyeji wamejaa hapo, kwa nini tangi hilo apewe mtoto wa Mbulu asiye na ndugu karibu? Likiharibika atalaumiwa nani? Huyo Mama Doris simjui na simwamini. Pasaka ikipita nakuja kuona kwa macho yangu.

Baba yako,
Onesphory

Tanga, 2 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Naamini ulifika nyumbani salama, na mama amezipata nazi zake.

Nilitaka barua hii iwe ya furaha. Vifaranga wa tangi langu walipona kuliko wa matangi mengine yote, hata Mama Doris akanikumbatia. Kisha maji yakapimwa, wakakuta antibiotiki. Sasa natazamwa kama mwizi wa kuku. Wanasema faji ilishindwa kazi, nikatia dawa kwa siri ili nisifukuzwe. Mlinzi wetu, Festo, naye amesimamishwa, kwa kuwa ndiye mwenye funguo.

Ulikuja na lile koti lako zito la baridi, joto likakushinda ukalivua, ukaondoka bila hilo. Jana nimelikung'uta ili nilifue. Mfukoni nimekuta pakiti ya ule unga wa njano, antibiotiki ya ng'ombe, imechanwa, tupu. Nakumbuka nilikwenda kukuletea chai nikakuacha peke yako penye tangi. Baba, ulifanya nini? Niambie, nisikae hapa nikikuwazia mabaya.

Mwanao,
Imakulata

Mbulu, 15 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko wazima. Kiwele cha yule mwekundu bado, dawa haimsaidii.

Koti ni langu na unga ni wangu. Nilimwona Mama Doris akimimina hayo maji ya faji amevaa glavu, na wewe mikono mitupu. Nikajua umetegwa. Nikasema mwanangu hatafukuzwa kwa virusi vya watu, nikamwaga dawa ninayoijua. Nilidhani nakuokoa.

Sasa nisikilize. Choma koti, nyamaza. Huyo Festo ni mtu wa hukohuko, hatakosa kibarua. Tunaojua ni wewe na mimi tu.

Baba yako,
Onesphory

Tanga, 3 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Mwekundu ameamkaje?

Koti sikulichoma. Nililipeleka ofisini, nikaeleza yote huku nalia. Festo ana watoto, Baba, kama wewe ulivyo na mimi. Amerudishwa getini, na ananiitikia salamu kwa shida.

Zile glavu, Mama Doris alikuwa amekatwa na gamba la chaza kiganjani. Ungeniuliza tu.

Nimepewa tangi jingine, naanza upya. Wameniwekea sharti moja: mgeni wangu asivuke geti, na wewe umetajwa kwa jina. Nimetia sahihi. Hasira ninazo, lakini natamani uje. Ukifika, nitatoka tukae nje.

Koti lako analo Festo, amelitundika kibandani mwake. Nimemwambia utakuja kumwomba radhi mwenyewe.

Mwanao,
Imakulata