Mayai Saba Kwenye Tangi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, na mama amenitaka nimsomee mara tatu. Goti lake bado linamsumbua. Paka wako amezeeka, siku hizi panya ndiye anayemfukuza.

Ulichosikia ni kweli. Maabara yetu imepata njia bora ya kugandisha na kuyeyusha mayai machanga ya uzazi ya wanawake. Hata yale ya zamani tunayayeyusha kwa upole zaidi, kisha tunayalea siku mbili hadi yapevuke. Mama ameshaanza kuchagua majina ya wajukuu.

Ila kuna jambo sijakuambia. Yako saba, yaliyo kwenye tangi la baridi kali, tuliyagandisha siku moja kabla hujaanza dawa za saratani. Kwetu maabara ni marufuku mtu kushika mayai ya ndugu yake. Mimi nikang'ang'ania, nikasema hayagusi mtu ila mimi. Sasa ile dawa ya kugandishia ni kali. Yai likikaa humo zaidi ya dakika moja, linaungua. Nilipoinamia hadubini machozi yalinijaa, nikawa sioni kitu. Nilipomaliza kujipangusa, dakika mbili na nusu zilikuwa zimepita. Kwenye fomu nikaandika sekunde hamsini.

Miaka sita, kila ukija nyumbani, nimekula na wewe, nimecheka na wewe, nimenyamaza.

Huenda moja likapona. Sijui. Leo asubuhi nimeisahihisha ile fomu na kumkabidhi mkuu wangu.

Umeandika kwamba ukija utaomba niyayeyushe mimi, kwa sababu mkono unaouamini ni wangu. Mdogo wangu, nakuomba, mtafute mwingine.

Dada yako