Kömür na Vijiko Viwili vya Mafuta

Ayvalık,
Jumatano, 19 Novemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Şeyda,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Stuttgart haijakukamata kifua kama mwaka jana. Mimi sijambo, goti tu ndilo lina maneno mengi. Mavuno ya zeituni yamefika nusu. Matunda ni madogo lakini yana mafuta.

Sasa keti kwanza. Paka wetu Kömür aliugua ghafla, nusura tumpoteze. Ninapoandika amelala juu ya shati langu safi, kwa hiyo soma bila kulia.

Jumapili asubuhi nilimkuta akiingia na kutoka kwenye boksi lake la mchanga. Alichuchumaa, akajikamua, hakikutoka kitu, kisha akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Jirani yetu Bi Müzeyyen unamjua, hapitwi na jambo. Alikuja na chupa mkononi.

"Huyo amefunga choo tu, Rıfat. Kazeeka kama wewe. Mpe kijiko cha mafuta."

"Mafuta ninayo."

"Yako yanakwaruza koo. Mpe haya yangu."

Basi badala ya kumtazama paka, tukabishania mafuta ya nani ni bora, kama kawaida ya mji huu. Mwishowe akapewa kijiko cha kwangu na kijiko cha kwake, pasiwe na kinyongo. Kömür akatapika yote, akajilaza chini ya sinki, asiinue hata kichwa. Nilipomgusa, tumbo lilikuwa gumu kama chungwa bichi. Niliogopa, Şeyda. Nilimkumbuka marehemu mama yako akimlisha kwa kidole, nikajiuliza wewe nitakwambia nini.

Kliniki ilikuwa imefungwa. Daktari wa wanyama, Gülçin, alikuwa shambani kwa baba yake akichuma zeituni kama watu wote. Nilimpigia simu, akaniuliza jambo moja tu, mara ya mwisho paka alikojoa lini. Nikamwambia tangu asubuhi anajikamua bila kutoa hata tone.

"Mlete sasa hivi, ami. Usingoje hata kuvaa viatu."

Nilimtia kwenye kreti la zeituni, na Bi Müzeyyen akalipakata ndani ya teksi, ndala za nyumbani miguuni. Daktari alifika mbio, majani yangali kwenye nywele. Alimpapasa tumbo, akaona manyoya ya kidevu yanavyong'aa.

"Mmempa nini?"

"Vijiko viwili vya mafuta," nikasema.

"Njia ya mkojo imeziba. Hata mngemmiminia pipa zima, mafuta hayapiti huko."

"Nilimwambia asimpe yale ya kwake," akasema Bi Müzeyyen.

Daktari alimpa dawa ya usingizi, akampitishia mpira mwembamba, na mkojo ukatoka mwekundu. Alisema kama tungesubiri hadi jioni, moyo wake ungesimama. Akabaki naye kwa dripu mpaka jana.

Uliniomba nimtayarishe, mwezi ujao apande ndege aje kwako. Daktari amekataa. Umri umekwenda na figo zimechoka, hataistahimili safari hiyo. Wallahi sikumwomba aseme hivyo, ingawa sikumbishia. Tangu mama yako atutoke nimewaambia watu kwamba paka huyu namtunza kwa niaba yako tu. Lakini tangu jana namfuata hadi kwenye mchanga, na akikojoa nampigia simu Bi Müzeyyen, naye analia.

Nisalimie mumeo Levent na umbusu Defne mdogo. Bi Müzeyyen anakusalimu, na anakutumia chupa ya mafuta yake. Ya kwangu nimeitia pia, onja uamue mwenyewe.

Paka hawezi kuja, kwa hiyo njoo wewe. Chumba cha mama yako nimekipaka chokaa na kitanda nimekitandika. Kömür ndiye anayelala humo kwa sasa, upande wa ukutani, kama zamani. Ule mwingine, wa mama yako, hataki niukalie.

Mungu akulinde, akufungulie njia.

Wako akupendaye,
Mjomba Rıfat